Mtandio Alioufua Dobi

Kiwandani, 6 Machi

Baba Mkaguzi,

Salamu za mtaani wagawie mwenyewe, maana nikianza kuwataja mmoja mmoja karatasi itaisha kabla sijamfikia mtoto.

Nimefika salama na kazi nimeanza. Simu zetu tunaziacha getini, na hata ukiichukua jioni mtandao hakuna. Ipo simu moja ofisini kwa meneja, lakini ukizungumza nayo ofisi nzima inakusikiliza na kukupa ushauri. Kwa hiyo tutaandikiana barua kama babu na bibi zetu. Dereva wa lori la barafu anapita mbele ya duka letu kila akija mjini, na amekubali kuwa posta. Malipo hataki, anataka tu umnyooshee shati la kuendea kwa wakwe.

Kazi yenyewe ni kusimama. Samaki wanakuja kwenye mkanda, natoa matumbo, nasukuma, anakuja mwingine hata hujamaliza kumwonea huruma wa kwanza. Tatizo ni harufu. Nimejisugua kwa sabuni ya mche mpaka ngozi inalia, na bado paka wananisindikiza hadi bwenini. Ungekuwa hapa na pua yako ya kidobi ungezimia.

Sasa Mkaguzi. Hilo jina ulimpa wewe kwa utani, ona lilivyomkaa. Uji asipoukagua kwanza hanywi, kwa hiyo mpe kijiko aukoroge mwenyewe atafute mabonge. Nywele umchane zikiwa na maji kidogo, usizivute kama unakamua shuka. Akisema tumbo linauma muulize kama linauma na pipi pia, utajua ukweli. Na akilala mpe ule mtandio wangu wa kijani. Tulishakubaliana kwamba haufuliwi, ndiyo maana niliuvaa wiki nzima kabla ya kuondoka. Mtoto wa miaka mitatu haelewi mkataba wa miezi sita, ila pua yake inamjua mama yake. Likizo hakuna mpaka mkataba uishe, na hilo ndilo linalonikaa kooni, si samaki.

Wako,
Mama Mkaguzi


Dukani, 14 Machi

Mama Mkaguzi,

Barua yako imefika imelowa chapachapa kwa maji ya barafu. Nimeipiga pasi kwanza ndipo nikaisoma. Mteja mmoja alisimama akaniangalia, akasema miaka yote anayoniletea nguo hajawahi kuona dobi akinyoosha barua ya mke. Nikamwambia naye atafute wa kumwandikia.

Sisi wazima. Asubuhi nikimaliza kumwogesha Mkaguzi, kumvalisha, kumvua kwa sababu gauni limemuuma, na kumvalisha tena gauni lile lile, tunatoka kwenda dukani. Siku hizi ni mfanyakazi kamili. Anaingia kwenye kapu la nguo chafu na kukagua mifuko ya wateja. Juzi kwenye suruali ya mwalimu mkuu katoa pipi iliyolambwa nusu. Akaitunza mpaka mwenyewe alipokuja jioni, akamwuliza mbele za watu, "Hii umemnyang'anya nani?" Mwalimu mkuu amehamia kwa dobi wa kule chini.

Nywele nimejaribu. Mara ya kwanza alilia yeye, mara ya pili nililia mimi. Sasa msusi wa nyumba ya pili anatuonea huruma kila Jumamosi.

Mtandio analala nao, ameukumbatia, haniachii hata kona. Anaulizia unarudi lini, namwambia bado kidogo. Hiyo "kidogo" ameshaanza kuitilia shaka.

Dobi wako,
Baba Mkaguzi


Kiwandani, 11 Mei

Baba Mkaguzi,

Barua yako ya juzi nimeisoma mara mbili. Umenieleza jino la jirani, paa linalovuja, na kifungo ambacho Mkaguzi alijitia puani kikatoka chenyewe alipopiga chafya. Kuhusu kulala hukusema neno. Nikasema labda umesahau.

Leo dereva ameshusha barafu, akanijia anacheka. "Shemeji," anasema, "mumeo fundi kweli. Nimeuona mtandio wako wa kijani umeanikwa pale dukani, umenyooka, unang'aa kama umenunuliwa leo. Anakupenda yule!"

Nilimshukuru. Nikaenda nyuma ya ghala la chumvi nikakaa juu ya kreti.

Umeufua. Wewe mwanaume, kati ya nguo zote za mji mzima, umeufua ule! Nilikuachia kitu kimoja tu usichotakiwa kukigusa na sabuni. Nimekasirika hata kalamu inatoboa karatasi, unaona mwenyewe hapo juu. Usiniandikie habari za paa. Niandikie mtoto alisema nini, na sasa analala vipi.

Mama Mkaguzi


Dukani, 15 Mei

Mama Mkaguzi,

Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Ilikuwa hivi.

Siku ile alikuja dukani na mtandio amejifunga kiunoni. Akasinzia ndani ya kapu, mtandio ukamfunguka humo humo. Nikamtoa taratibu nikamlaza kwenye mkeka, na vilivyobaki kapuni nikavimwaga kwenye beseni. Mikono hii imezoea, haiulizi. Nilishtuka nikiwa tayari nasuuza, ndipo nikaona kijani. Basi nikaongeza ujinga juu ya ujinga. Nikajiambia maadamu umeshalowa, angalau uwe mzuri. Nikautia wanga. Nikaupiga pasi. Nikaupulizia yale manukato ya nguo za maharusi.

Jioni nikampa. Akaunusa, akaunusa na upande wa pili, halafu akanirudishia kwa adabu kabisa.

"Hii ya mteja," akasema.

Nikamwambia ni wa mama. Akaenda kutafuta makapuni. Alilikagua kila kapu la duka, akatoa nguo za watu moja moja mpaka chini. Sikumzuia, ningemzuia kwa uso gani? Tangu hapo halali mpaka nimbebe mgongoni nikitembea huku na huku, na nikithubutu kukaa anafumbua macho kama askari wa zamu. Mchana nanyoosha nguo huku nasinzia. Shati la karani wa benki lina alama ya pasi mgongoni, anadhani ni mtindo mpya.

Sikukuambia kwa sababu uko mbali, ungeumia tu bila kuweza kufanya lolote. Lakini sasa naona lipo unaloweza. Vaa mtandio mwingine. Uvae ukila, uvae ukilala, kisha mpe dereva. Safari hii utakaa juu ya kabati mchana kutwa, wala hautakanyaga dukani.

Dobi mkosaji,
Baba Mkaguzi


Kiwandani, 8 Juni

Baba Mkaguzi,

Hasira zimepungua, hazijaisha. Hiyo "ya mteja" nimeicheka peke yangu mezani mpaka wenzangu wakadhani nimevuta dawa ya kuoshea sakafu. Kisha nikalia, nao wakawa na hakika kwamba nimevuta.

Ndani ya kifurushi kuna mtandio wa bluu. Nimeuvaa zaidi ya wiki, usiku na mchana. Kazini niliufunga kwa ndani, chini ya ovaroli, usiguse samaki. Nimeunusa mwenyewe lakini pua yangu siku hizi haiaminiki, huku kila kitu kinanuka kiwanda, hata mkate. Natumaini mimi bado nimo humo ndani.

La pili, kaa chini kwanza. Msimamizi wa meza yetu anastaafu, na meneja ameniita mimi. Anasema mkono wangu ndio mwepesi kuliko yote, na nikisema neno watu wanasikia. Mimi, ambaye shuleni nilikuwa nasimamishwa ukutani kwa kuongea sana! Nikikubali ni mkataba wa mwaka mzima kuanzia Septemba. Msimamizi hupewa nyumba yake ya vyumba viwili, bomba liko ndani. Jana nimeipitia nikachungulia dirishani kama mwizi. Naitaka hii kazi, nisikufiche. Sijawahi kuitaka kazi namna hii.

Lakini majibu yanatakiwa mwisho wa mwezi, na jibu langu liko kwa Mkaguzi. Akilala na mtandio huu nitajua bado ananijua, na tutavumiliana. Akiukataa, huu mkataba wa sasa ukiisha nafungasha, narudi nyumbani, na meneja atafute mwingine. Sitakulaumu kwa lolote. Ila niambie kweli.

Wako,
Mama Mkaguzi


Dukani, 17 Juni

Mama Mkaguzi,

Mtandio umefika. Amelala nao. Kaushika kwa mikono miwili, akavuta pumzi ndefu, huyo, usingizi ukamchukua. Mimi mwenyewe nimelala mpaka mteja wa kwanza akaja kunigongea.

Basi weka saini. Msimamizi! Nimeshawatangazia wote hapa. Fundi cherehani wa jirani anasema sasa nitakuwa napiga saluti kabla ya kupewa chakula. Mkaguzi kaniuliza wewe unakagua nini huko, nikamwambia unakagua samaki. Kataka kujua kama samaki wana mifuko. Nikamwambia hawana, akasema basi kazi yako rahisi.

Huku mvua haikatiki na nguo hazikauki, tunaanika mpaka jikoni, nakula wali chini ya suruali za watu. Mengine ni ya kawaida. Usiwe na wasiwasi na sisi.

Dobi wako,
Baba Mkaguzi


Kiwandani, 16 Septemba

Baba Mkaguzi,

Nimerudi salama. Funguo za ile nyumba nimeshakabidhiwa, ziko mfukoni mwangu, lakini bado nalala bwenini. Nitakueleza kwa nini.

Likizo yote sikukuambia haya, kwa sababu siku zilikuwa chache na mtoto anasikiliza kila kitu. Siku niliyofika mlinitegemea jioni, lori likawahi. Wewe ulikuwa uani unaanika, yeye alikuwa mlangoni. Nilichuchumaa nikafungua mikono. Akanitazama juu mpaka chini.

"Shikamoo," akasema.

Akaingia ndani akaniletea kiti cha wateja, akakifuta vumbi kwa kiganja. "Karibu. Baba anaanika." Nikakaa. Ulitaka nifanye nini? Akasimama mbele yangu, mikono nyuma, akauliza, "Unaondoka lini?"

Nikamwambia Jumapili.

Akatikisa kichwa kwamba sawa, akaenda zake kucheza. Ndipo wewe ukatokea na vigelegele vyako, naye akacheka kwa sababu wewe umecheka. Umemlea vizuri mno, ana adabu kuliko watoto wote wa mtaa ule. Siku zote zile aliniita mama kila ulipomkumbusha. Jumapili alinipungia mkono vile vile anavyowapungia wanaokuja kuchukua nguo zao.

Ijumaa nilikuwa natafuta shuka kabatini nikaukuta mtandio wa bluu. Ulikuwa chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, na mfuko huo ndani ya mfuko mwingine. Kitu ambacho mtoto analala nacho hakifungwi hivyo.

Niliomba kweli, baba. Niliiomba kwa maandishi. Nimetia saini mwaka mzima kwa neno lako moja. Ningejua Juni kwamba amenikataa, leo ningekuwa nyumbani kabisa, naye angekuwa ameshaanza kunizoea. Na mimi sijitoi lawamani. Barua yako niliiamini upesi kwa sababu niliitaka iwe hivyo, nilikwenda nayo ofisini moja kwa moja hata sijaikunja.

Mkataba unaweza kuvunjwa ndani ya mwezi wa kwanza. Jumatatu ijayo namrudishia meneja funguo zake. Vyumba viwili nitavifanyia nini peke yangu? Narudi.

Mama Mkaguzi


Dukani, 18 Septemba

Mke wangu,

Dereva anasubiri, barafu inayeyuka, amenipa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kwa hiyo la muhimu kwanza: usimrudishie meneja funguo.

Ni kweli nilikudanganya. Jioni ile nilimpa mtandio nimepiga magoti mbele yake. Akaunusa. Akaja akaninusa mimi. Kisha akasema, "Baba, huyu mama mwingine." Akaenda akajilaza mwenyewe, bila kubebwa, bila kushika chochote, akalala mpaka asubuhi. Mimi ndiye niliyekesha. Nilielewa kwamba hajapona, amechoka kungoja. Kuhusu kulala nilikuandikia kweli, ndiyo maana maneno yalitoka kwa urahisi. Uongo ulikuwa kwenye mtandio.

Nilianza kukuandikia yote. Kila nikifika pale kwa "ameukataa" nakuona unafungasha. Halafu naisoma tena barua yako, pale uliposema unaitaka hii kazi. Tangu tuoane nimekusikia ukitaka viatu vya mtoto, ukitaka dawa ya mama yako, ukitaka nipumzike. Kitu chako mwenyewe sijawahi kukusikia ukikitaka. Nikashindwa kuwa mtu wa kukufutia hicho kimoja. Nikaichana barua ya kwanza nikakuandikia ile uliyoipata, na nikajiona mume mwema! Kumbe nimekuamulia maisha yako nikakuficha kwamba nimeamua. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nisamehe, na kama bado huwezi, nigombeze uso kwa uso.

Maana tunakuja. Wote wawili. Mpaka sasa sijui kwa nini haikutujia mapema. Miezi yote tunapima wewe urudi au usirudi, kana kwamba duka langu limeota mizizi. Duka lenyewe ni pasi, mabeseni na mikono miwili, na vyote vinaingia kwenye lori. Kiwanda kizima cha watu wanaonuka samaki, dobi atakosaje kazi hapo? Nafasi ya duka anaichukua fundi cherehani, alikuwa akiimezea mate siku nyingi. Kesho namaliza nguo za wateja, na Jumamosi dereva akirudi atatupakia pamoja na vyombo. Amesema Mkaguzi atakaa mbele, mimi nitakaa na barafu.

Usitegemee atakukimbilia. Ataziba pua, atakagua vyumba vyote viwili, atakuita shangazi kwa bahati mbaya na wewe utaumia. Mimi sitamkumbusha tena neno la kukuita. Nitakuwa na kazi zangu, wewe ndiye utakayempikia uji na kumsakia mabonge. Siku akikuita mwenyewe, itakuwa kweli.

Chai imekwisha, dereva anapiga honi. Ila ngoja nikumalizie hili, limetokea sasa hivi na yeye ni shahidi. Nimemwuliza Mkaguzi, "Unataka tuhamie kwa yule mgeni aliyekuja? Yule ni mama yako." Akafikiri. Akaniuliza, "Yeye anaondoka lini?"

Nikamwambia yule haondoki, yule ndiye mwenye nyumba.

Akaenda kutafuta viatu vyake.

Baba Mkaguzi